Kifuniko cha Udongo wa Kivukoni

Kwa miaka miwili Oliva Severini hakumpa mtu kitu bila kwanza kuomba radhi. Awe anampa mgeni ufunguo wa chumba, au jirani kiberiti, au mwenzake kanisani mkono wa amani, neno lilikuwa hilo hilo: "Samahani kwa mkono wa kushoto." Watu wa Ifakara ni waungwana. Walimjibu, "Bila samahani, mama," wakapokea. Lakini uungwana wa watu haukumsaidia kitu. Mwanamke aliyelelewa akijua kwamba mkono wa kushoto una kazi zake, na kwamba kazi hizo hazitajwi mbele ya chakula, hawezi kutoa kwa kushoto mara ishirini kwa siku na bado akajiona mtu kamili. Harusini aliacha kwenda, maana kule watu hula sinia moja. Kwenye jumuiya alikwenda, ila alikaa karibu na mlango, na sala ikiisha alikuwa wa kwanza kutoka.

Mkono wa kulia ulikuwepo. Haukukatwa wala haukukauka, ulikuwa umelala tu. Kiharusi kilimkuta Kivukoni, ndani ya shimo la udongo alilorithi kwa mama yake Sikitu, tope likiwa limemfika magotini. Wavuvi ndio waliomtoa. Ulimi ulirudi baada ya wiki moja, na Oliva akautumia kumlaumu kila mtu aliyemkaribia kitanda. Mguu ulirudi baada ya miezi miwili. Mkono ukabaki njiani.

Hospitali walimpa mpira mdogo wa kubinya, asubuhi mara hamsini na jioni mara hamsini. Oliva aliubinya wiki tatu, kisha akautupia kuku. Usimcheke. Huyu ni mtu aliyeanza kufinyanga akiwa na miaka tisa, na tangu hapo kila alichokibinya kiligeuka kuwa kitu: chungu, mtungi, kikaango. Mpira ule ukiubinya na ukiuachia, unarudi kuwa mpira. Aliona ni dharau.

Basi akahamia kwa binti yake Eveline, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba saba nyuma ya soko. Akamsaidia kufagia na kuosha vyombo. Eveline ni mtoto mwenye akili. Hakusema lolote kuhusu ule mkono, ila alijizoesha kila mara kusimama kushoto kwa mama yake, wakila, wakipika, wakitembea kwenda misa ya kwanza, ili kitu cha kupeana kisiwe na safari ndefu. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba wote wawili walisahau kuwa zamani haikuwa hivyo.

Ukimuuliza Oliva kuhusu vyungu, alikuambia amevichoka. "Nani anapikia chungu siku hizi? Masufuria yamejaa mpaka Mlimba." Huo ulikuwa uongo, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutouamini. Alivitamani vyungu mpaka kifua kikauma. Akipita sokoni kwenye vyungu vya mtu mwingine aligeuza uso.

Aliyemsumbua ni Kija, mama wa Kisukuma aliyeleta maziwa kwa baiskeli kila Jumamosi kutoka ng'ambo ya mto.

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," Kija alisema kila alipofika, akimwita mama kwa Kisukuma, na kabla hajateremsha madumu: "Chungu changu cha kugandishia maziwa je? Hii ndoo ya plastiki inanuka hata niioshe vipi."

"Udongo wa mwaka huu mbaya, Kija."

"Na wa mwaka jana?"

"Nao ulikuwa mbaya."

Kija alicheka, akapima maziwa, akaondoka. Jumamosi iliyofuata aliuliza tena.

Mambo yalibaki hivyo hadi mwezi wa tano, alipokuja Fundi Liu.

Fundi Liu alikuwa Mchina wa miaka sitini hivi, mwembamba, aliyeletwa kufunga mashine mpya ya kukoboa mpunga kabla mavuno hayajajaa ghalani. Alikuwa amekaa nchini miaka saba, na Kiswahili chake kilikuwa kama sanduku lake la vifaa: hakikuwa na mapambo, ila kila alichokihitaji kilikuwemo. Akapanga chumba namba nne kwa miezi mitatu. Juu ya meza yake aliweka birika la umeme, kopo la majani ya chai, jagi dogo la kioo, vikombe vitatu visivyozidi nusu ya yai, na chombo kimoja ambacho Oliva alipokiona mara ya kwanza alisahau kufagia.

Kilikuwa bakuli dogo jeupe lenye mdomo uliopanuka kidogo, limekaa juu ya kisahani chake, limefunikwa kwa kifuniko chake. Havikuwa na maua wala mstari wa dhahabu, kauri tupu. Oliva alikigonga kwa ukucha, kikalia kama kengele ya altareni. Akakiinua kwa mkono wa kushoto kuelekea dirishani, akaona kivuli cha kidole chake upande wa pili. Udongo gani huu unaopitisha mwanga? Alikirudisha mezani taratibu, na wivu wa kazi ukamshika. Hakuwahi kumwonea mtu wivu kwa nguo wala kwa nyumba, lakini kwa ukingo mwembamba vile alimwonea mfinyanzi asiyemjua, wa nchi asiyoijua.

Na wivu ndio uliomponza. Siku moja ya mwezi wa sita alikuwa anaviosha vyombo vile uani. Bakuli lilikuwa limeshakauka. Akabaki na kifuniko. Akasema moyoni, leo nikishike kwa kulia, mara moja tu, nione. Akakishika. Vidole vikakubali kwa muda wa kusali Salamu Maria hadi katikati, kisha vikafunguka vyenyewe. Kifuniko kikaanguka kwenye sakafu ya saruji, kikawa vipande vitatu.

Oliva alivifunga vipande kwenye pindo la kanga, akavificha chini ya godoro lake. Bakuli akalirudisha mezani na kulifunika kwa kitambaa safi, utafikiri kitambaa ni kifuniko. Jioni Fundi Liu alirudi na vumbi la mashineni mpaka kwenye nyusi. Oliva, kwa nje, alisikia kitambaa kikiinuliwa. Alisubiri kelele. Hakukuwa na kelele. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mzee wa watu akitafuta-tafuta mezani, kisha akafungua kopo lake la kahawa, akachukua kifuniko chake cha bati, akakisuuza, akafunikia chai yake kwa hicho. Angegomba ingekuwa nafuu. Oliva alikwenda jikoni akakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, apate sababu ya machozi.

Kesho yake aliamua. Atatengeneza kifuniko kingine. Na humo ndani ya uamuzi huo aliweka uamuzi wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza: kama mkono huu wa kulia hauwezi kufinyanga kitu cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, basi vyungu ndiyo kwaheri, na shimo la mama yake amwachie yeyote anayelitaka.

Alipanda bodaboda hadi Kivukoni. Mto ulikuwa umeshuka, daraja likionekana refu kuliko siku zote, na chini kwenye ukingo shimo lilikuwa pale pale, limeota majani mdomoni. Alichimba kwa kushoto. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, naye aliuwahi: siku hiyo hiyo aliukanda kwa kisigino, akautoa mawe na mizizi, akafinyanga. Ila akafinyanga kwa kushoto, maana kila alipouita mkono wa kulia ulikuja kuchelewa na kuharibu. Kikatoka kifuniko kizito, kipana, chenye ukingo uliopita nje ya mdomo wa bakuli kwa upana wa kidole kizima.

Hilo la ukingo hakulifanya kwa bahati mbaya. Ndivyo kifuniko kinavyotakiwa kuwa katika bonde hili. Kinakaa juu ya mdomo wa chungu na kujitokeza pande zote, jivu lisiingie, mende asiingie, na paka akijaribu apate kazi. Oliva alivitengeneza hivyo kwa miaka arobaini na mama yake kabla yake. Haikumjia kabisa kwamba duniani kuna kifuniko cha namna nyingine. Kile cha kauri alikiosha kila siku, akautazama weupe wake na wembamba wake, na pale kinapokaa hakupatazama.

Kilipokauka alikichoma, akakipeleka chumba namba nne pamoja na vile vipande vitatu kwenye kitambaa.

"Fundi Liu, samahani kwa mkono wa kushoto. Na samahani kwa hiki pia. Niliangusha mimi."

Fundi Liu alivitazama vipande, kisha akachukua kifuniko kipya akakiweka juu ya bakuli lake. Kilikaa kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto mchanga. Mzee akacheka, akacheka mpaka akashika meza. Oliva aligeuka kuondoka.

"Mama Eveline, ngoja," alisema. "Sicheki wewe. Nacheka kofia. Kaa, tafadhali."

Oliva akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kwetu chombo hiki kinaitwa gaiwan. Kina vitu vitatu." Akagusa kisahani. "Hii ni ardhi." Akainua kifuniko cha Oliva. "Hii ni mbingu." Kisha bakuli. "Na huyu ni mtu, yuko katikati."

"Kwa hiyo mimi nimevunja mbingu."

Fundi Liu aliutazama mkono wa Oliva uliolala mapajani kabla ya kujibu. "Mbingu tu. Mtu mzima bado."

Oliva hakulisahau hilo.

Halafu Fundi Liu akamfundisha kwa nini kofia haifai. Alichemsha maji. Kwanza alimimina maji matupu ndani ya bakuli, akaliacha lipate joto, akayamwaga. Akaweka majani kiasi cha kufunika kitako tu. Yalikuwa yamesokotwa madogo kama mbegu za papai. Akafunika kwa bati la kopo la kahawa, akatikisa mara moja, akamnusisha Oliva upande wa chini wa bati, kwa kuwa harufu, alisema, hupanda na kukaa kwenye kifuniko. Maji ya kwanza aliyatia na kuyamwaga papo hapo. "Hii kuamsha majani. Hatunywi." Ya pili aliyaacha kwa pumzi tano. Kisha akakisogeza kifuniko upande, ukabaki ufa mwembamba kama wa mlango uliosahaulika kufungwa. Akashika ukingo wa bakuli kwa kidole gumba na kidole cha kati, cha shahada akakiweka juu ya kifuniko, akainamisha. Chai ikapita kwenye ufa, majani yakabaki ndani.

Hapo Oliva akaelewa. Kifuniko hiki hakikai juu ya mdomo. Kinazama ndani yake kidogo, ndiyo maana kinaweza kusogea, na kusogea kwake ndiko kunakochuja. Alijipiga paji la uso. Miaka arobaini ya kazi, na hakuangalia!

Fundi Liu alimpa kikombe kwa mikono miwili. Oliva akapokea kwa miwili, kwa kuwa kitu ukipewa kwa miwili hukipokei kwa mmoja. Mkono wa kushoto ulibeba, wa kulia ulifuatana nao tu. Alikuwa ameshaweka mdomo kwenye kikombe alipogundua kwamba hakuwa ameomba samahani, na kwamba hakukuwa na cha kuombea.

Chai yenyewe alidhani imesahauliwa sukari. Maji ya pili yalikuwa kama majani ya mpera. Maji ya tatu yakawa na harufu ya maua. Ya nne, akiwa ameshameza, alisikia utamu mdogo ukirudi nyuma ya koo, na ndani ya bakuli zile mbegu za papai zilikuwa zimefunguka kuwa majani mazima, yenye vikonyo.

"Hii chai haitaki mtu wa haraka," alisema.

"Sasa mimina wewe," Fundi Liu alisema. "Mkono ule."

Alimimina, chai ikaenda kwenye gauni, bakuli likaokolewa na mzee mwepesi wa kudaka. Oliva alivuta vidole vilivyoungua akavitia mdomoni. Fundi Liu hakusema pole nyingi. Alisema tu kwamba hakuna anayeanza na maji ya moto, na kwamba bakuli liko hapo kila siku saa kumi na moja jioni, lina maji ya uvuguvugu, na barazani hakuna zulia la kulowa.

Ndivyo mazoezi yalivyoanza. Kila jioni Oliva alikaa kwenye kigoda barazani, bakuli mbele yake, akatandika blanketi la zamani chini yake. Kidole gumba huku, cha kati huku, cha shahada juu ya bati. Ainue, ainamishe, arudishe. Wiki ya kwanza alilowa kama aliyevuka mto. Eveline alipita na ndoo, akauliza kama mama ameanza kubatiza kiti.

"Pita zako," mama alimjibu. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Vikiwa vitatu utaona."

Ukweli ni kwamba aliogopa. Kila jioni aliogopa kwamba leo ndiyo ataambiwa na mkono wenyewe kuwa basi. Lakini maji yana wema ambao mpira hauna. Ukibinya mpira hujui kama umefaulu. Maji yakienda kwenye jagi yameenda, yakienda kwenye gauni nalo unalijua, hakuna ubishi. Hakuhesabu hamsini. Alifanya mpaka jua lilipofika nyuma ya mnara wa kanisa, kisha Fundi Liu akaja kulitwaa bakuli lake kwa ajili ya chai ya kweli, na wakanywa pamoja, wakizungumza mambo ya mpunga. Alimweleza kwamba kauri nayo ni udongo, udongo mweupe uliochanganywa na jiwe lililosagwa, ukachomwa kwa moto mkali kuliko wowote ambao Oliva amewahi kuuwasha. Oliva alifurahi sana kusikia ni udongo. Kumbe yule mfinyanzi asiyemjua alikuwa ndugu.

Kidole cha shahada ndicho kilichotangulia kuamka. Ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Alikuwa anamimina, bati likataka kuteleza, na kidole kikalikanyaga chenyewe, bila kutumwa. Oliva aliacha kumimina. Alikitazama kidole chake kama mzazi anayemtazama mtoto aliyetamka neno la kwanza, akaogopa hata kumwita mtu, kisije kikaona aibu.

Wiki mbili baadaye alirudi Kivukoni. Safari hii alifinyanga kwa kulia, kushoto ikishikilia tu. Alijua udongo wa shimo lile hunywea karibu kidole kimoja kwa kila shibiri ukikauka na kuungua, hivyo alipima mdomo wa bakuli kwa uzi, akaongeza kiasi chake, na kile anachotaka kizame ndani akakipunguza. Alitoa vifuniko vitano, kwa kuwa moto nao ni mlaji, haukosi kuchukua fungu lake. Kila kimoja alikipa kitasa kidogo katikati, akikibana kwa vidole vitatu vile vile. Vidole vilichoka, akavipumzisha, akaendelea. Havikuwa vizuri kama vya zamani. Viwili vilikuwa na alama ya kidole kilichotetemeka, na alizitazama alama zile bila kuzifuta.

Alivichomea uani kwa Eveline, kwenye shimo, kwa pumba zilizotoka kwenye mashine ya Fundi Liu siku ya kwanza ya kujaribiwa, na samadi kavu aliyoileta Kija kwenye gunia nyuma ya baiskeli. Kija hakuuliza samadi ni ya nini. Alitabasamu tu, na siku hiyo hakuuliza habari za chungu.

Moto ulikula vitatu. Kimoja kilipinda. Cha tano kilitoka chekundu, na doa jeusi ubavuni mahali pumba zilipokibusu, na kilipowekwa juu ya bakuli jeupe kilizama ndani ya mdomo wake, kikakaa.

Bado kazi moja. Udongo usiopakwa kitu hunywa maji na kutoa ladha ya tope, ndiyo maana chungu kipya kwao hulishwa kwanza kabla ya kutumiwa. Oliva aliosha mchele kidogo, akapika uji mwepesi, akakitumbukiza kifuniko humo, akakiacha kichemke taratibu ili wanga ujaze vitundu. Hofu yake sasa ilikuwa moja: mzee huyu anayenusa vifuniko, atasema nini kifuniko chake kikinuka uji?

Fundi Liu alirudi uji ukiwa bado jikoni. Alisimama mlangoni. Akanusa. Akasogea, akachungulia sufuriani, akakiona kifuniko kikicheza katikati ya punje. Kisha mtu mzima huyo aliyefunga mashine za tani na tani akakaa kwenye ngazi ya jikoni na kuvua kofia.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

"Mama yangu. Chungu kipya lazima kilishwe."

"Bibi yangu," alisema. "Chungu kipya, uji wa mchele. Sisi watoto tunakaa, tunangoja, kwa sababu baadaye uji tunakula." Macho yakamjaa maji, na hakuyaficha. "Miaka hamsini sijanusa hii."

Oliva alichota uji ule kwenye mabakuli mawili, akatia sukari, wakaula pale pale kwenye ngazi. Alijisikia furaha ya ajabu, ile ya kukuta mtu wa mbali anamjua mama yako.

Katikati ya mwezi wa nane mashine ilikuwa inakoboa bila kukohoa, na Fundi Liu akapata barua ya kwenda kufunga nyingine mkoa mwingine. Angeondoka kesho yake kwa treni. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo hata Kija alikuwepo, madumu yake yakiwa kivulini. Vyombo vilipangwa kwenye meza ndogo barazani. Fundi Liu alikalia benchi na kukunja mikono, kumaanisha kwamba leo yeye ni mgeni.

Oliva alichemsha maji. Alilipasha bakuli joto, akamwaga. Akaweka majani, akafunika, akatikisa, akampa mzee kifuniko anuse. Fundi Liu alikishika puani muda mrefu. "Chai na mchele," alisema, akakirudisha kwa mikono miwili. Maji ya kwanza Oliva aliyamwaga. Ya pili akayaacha pumzi tano. Kisha vidole vitatu vya mkono wa kulia vikashika, ufa ukafunguka, na chai ikaingia kwenye jagi la kioo, rangi ya mabua ya mpunga. Tone moja lilianguka mezani. Alilitupia jicho, akaendelea.

Kikombe cha kwanza alimpa Fundi Liu kwa mikono miwili. Cha pili alimpa Kija vivyo hivyo, naye Kija akaonja, akakunja uso, akauliza kwa adabu kama maziwa yanaruhusiwa. Fundi Liu alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano, akasema, "Weka tu." Wote wakacheka.

"Mayu," Kija alisema akishatia maziwa yake, "mimi sisemi kitu. Natazama tu kile kifuniko."

"Jumamosi ijayo usije," Oliva alimwambia. "Chungu chako kitakuwa bado kinakauka. Njoo ile inayofuata, na uje na kamba ya kukifungia kwenye baiskeli."

Kija aliweka kikombe chini na kupiga kigelegele, mpaka wageni wa chumba namba mbili wakafungua dirisha.

Kilibaki kikombe cha tatu. Eveline alikuwa ametoka jikoni, akijifuta mikono kwa kanga. Alikuja kusimama pale anaposimama siku zote, kushoto kwa mama yake, akakinga kiganja bila hata kutazama. Alisubiri. Hakuna kilichotua kiganjani. Alipotazama, aliona mkono wa kushoto wa mama yake umetulia mapajani, na kikombe kiko upande ule mwingine, kimebanwa kwa vidole vitatu, kinatetemeka kidogo, hakimwagiki.

Eveline alishindwa kusogea.

"Zunguka huku, mwanangu," Oliva alisema. "Itapoa."

Eveline akazunguka, akapiga goti, akapokea.